Nyumba ya Phanuel

Shikanga alikuwa fundi wa nyumba, na kutoka Khayega mpaka nyuma ya soko la Kakamega hukosi kupita mlango aliouweka yeye. Alimjengea mwalimu mkuu, akamjengea mchungaji, akamjengea hata mlevi mmoja wa Shinyalu aliyeuza shamba la chai na, kwa muujiza, akakumbuka mabati kabla ya chupa. Yeye mwenyewe, mwaka ule wa 1999, akiwa na miaka arobaini na minne, mke na watoto wanne, alikuwa bado analala kwenye simba. Hilo ndilo jina la kibanda anachojijengea kijana akishatoka jandoni, karibu na lango la baba yake, akae humo mpaka aoe na kupata nyumba ya kweli. Wenzake walikaa humo miaka michache wakatoka. Shikanga aliingia humo ndevu hazijaota, na sasa zilikuwa zinaota mvi.

Asiyemjua angedhani ni uvivu, au ubahili. Hasha. Kisa kilikuwa Tabora.

Huko ndiko alikokwenda kaka yake, Phanuel, mwaka wa 1969. Enzi hizo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa hai. Reli ilikuwa moja, posta moja, na kijana wa Kakamega aliyeandikwa kazi ya reli aliweza kupelekwa Kampala au Dar es Salaam kama vile leo mtu anavyopelekwa Bungoma. Phanuel alipanda meli pale Kisumu na sanduku moja na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akashuka Mwanza, akachukua treni. Hakuna ofisa aliyemwuliza anakwenda wapi wala atarudi lini. Aliyemwuliza ni mama yake, Kageha. "Miaka mitatu tu, mama," akamjibu.

Kisha Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Waliokuwa upande wa pili ikawabidi wachague, na wengi wakarudi. Phanuel alikuwa ameoa Mnyamwezi na wana mtoto; akabaki. Baba yao alikufa mpaka ungali umefungwa, akazikwa bila mwanawe wa kwanza kumtupia udongo. Na hata ulipofunguliwa tena, kilichovuka kilikuwa salamu tu, kupitia watu wa meli: Phanuel mzima, Phanuel amepandishwa cheo, Phanuel atakuja Krismasi. Krismasi zilikuja, Phanuel hakuja.

Sasa, kwa watu wa Shikanga, wana wa nyumba moja hujenga kwa kufuatana walivyozaliwa. Mkubwa akiwa hajajenga, mdogo anangoja. Akijenga kabla yake amemruka, na kumruka ndugu ni kumfungia njia ya nyumbani. Hatarudi tena, au akirudi atarudi ndani ya jeneza. Wako waliolipuuza jambo hilo wakaishi salama salimini, na Shikanga aliwajua kwa majina, kwa maana nyumba zao alizijenga yeye. Lakini wao hawakuwa na mama anayeitwa Kageha.

"Nikifa, fanya unavyotaka," Kageha alikuwa akimwambia. "Nikiwa hai, hutamfungia mtoto wangu lango."

Alisema hivyo bila ukali, huku akipepeta mahindi, na ndiyo maana Shikanga hakuweza kumshinda. Mtu mkali unaweza kugombana naye.

Basi maisha yakapangwa kuzunguka nyumba isiyokuwapo. Mabinti wawili walilala kwa bibi yao, kukhu Kageha. Willis, kifungua mimba, na Erastus anayemfuata, walikuwa wanaume sasa, lakini nao hawakuwa na simba zao, kwa sababu kijana hujenga kando ya lango la baba yake, na baba yao hakuwa na lango. Walikuwa wakilala kwenye stoo ya jirani, kati ya magunia na panya. Khalayi, mke wa Shikanga, alipika nje chini ya turubai. Mvua ikinyesha, na Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, alihamisha kitanda kutoka kona moja hadi nyingine akifuata pale pasipovuja.

"Baba Willis," alimwambia siku moja, hana hata nguvu ya kununa, "wewe unajengeanga watu yote. Mimi nilikosea nini? Ningekuja kama mteja?"

Shikanga alicheka, kisha akaona kwamba mke wake hacheki. Naye pia alikuwa amechoka. Walikuwa wamechokea pahali pamoja muda mrefu hata wakazoea, kama ng'ombe wawili wa nira moja.

Nyuma ya simba aliweka nguzo za mkaratusi alizozinunua mwenyewe, na mabati aliyokuwa akiyaongeza kila alipomaliza kazi ya mtu. Nguzo za kwanza zililiwa na mchwa. Akanunua nyingine, nazo zikaliwa. Hizi za sasa alizipaka oili chafu ya gari, akaziinua juu ya mawe, akawa anazigeuza kila mwezi. Kila fundi ana kitu anachokitunza. Shikanga alitunza nguzo.

Mwezi wa Novemba redio ilianza kusema kwamba nchi tatu zitatiliana sahihi kule Arusha, Jumuiya irudi. Kwenye vibanda vya chai Khayega watu walikuwa wameshafungua mpaka kabla ya wakubwa wenyewe: mtu ataamka Kakamega, atafanya kazi Mwanza, hakuna wa kumwuliza. Shikanga alisikiliza, akanywa chai yake. Yeye alijua habari za kwenda bila kuulizwa.

Na katika wiki hizo hizo, mchana kweupe, mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama aliingia uani, akasimama katikati kama mtu aliyepotea sokoni.

"Hodi wenyewe," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji.

Kageha alikuwa akianika mboga. Alimtazama miguu kwanza. Kisha akaweka ungo chini, akakaa chini na yeye, pale pale kwenye vumbi, akaanza kulia bila sauti. Phanuel alivua kofia. Alikuwa na kipara. Mama alikuwa hajawahi kufikiria kwamba mtoto anaweza kurudi na kipara.

Jioni hiyo alichinjwa jogoo. Firigisi, ambayo huliwa na mwenye boma, Kageha aliiweka kwenye sahani ya Phanuel. Tangu baba yao afe alikuwa akiipika na kuiweka kando, hapewi mtu, mpaka paka anaila. Phanuel aliitafuna akizungumza, bila kujua anachokula, naye Shikanga akamtazama taya. Alimwonea wivu, na aliona aibu kumwonea wivu mzee aliyesafiri mbali hivyo. Lakini zaidi ya yote moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Mkubwa amekuja. Mkubwa atajenga. Khalayi, akinawisha watu mikono, alimkanyaga mume wake mguu kwa makusudi, kama msichana.

Asubuhi Shikanga alimpeleka kaka yake kwenye kipande cha juu cha shamba, mahali pa kifungua mimba.

"Ni hapa," akasema. "Baba alikuwekea. Tutaanza lini?"

Phanuel alitazama nyasi. "Kuanza nini, mdogo wangu?"

"Nyumba yako."

"Ninayo nyumba. Iko Tabora. Ina embe uani, ina wajukuu wawili." Alisema kwa upole, na upole huo ukamwingia Shikanga kama baridi. "Sikuja kuhamia. Nimekuja kumwona mama nikiwa bado naweza kutembea. Mwakani nastaafu, na nitastaafia kule. Mimi ni raia wa kule, Shikanga. Nina wiki hii tu."

"Sasa mimi?"

"Wewe nini?"

Shikanga alimwonyesha simba kwa kidole, huko chini, na turubai la Khalayi likipepea. Phanuel alitazama, akaelewa pole pole.

"Mpaka leo?" aliuliza. "Mpaka leo unaningoja mimi?"

"Tunakungojanga wote."

Phanuel alikaa kwenye nyasi, suruali yake nzuri na yote. Akasema alidhani wamejenga zamani, wamemsahau, na kwamba kila mwaka alioacha kuja ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi kuja, mpaka ikawa ni aibu tupu inayomzuia. "Nilipoondoka sikuhama," alisema. "Nilikwenda kazini. Siku ya kuhama siijui mpaka leo, sikuiona ikipita. Jenga, bwana. Jenga leo. Mimi nimekuruhusu."

Shikanga alirudi nyumbani mbio mbio, jambo ambalo watu hawakuwa wamemwona akilifanya. Khalayi alipiga kigelegele. Kageha alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Amepanda nguzo?"

"Amesema, mama. Kwa mdomo wake."

"Hata kuja alikuwa anasema kwa mdomo wake." Akaendelea kuchambua mboga. "Apande nguzo, paezekwe, awashe moto, alale ndani. Hapo atakuwa amejenga. Halafu wewe jenga hata ghorofa."

Ikabidi. Phanuel hakukataa; alikuwa tayari kufanya lolote, kama mtu aliyekutwa na kosa. Lakini wiki moja si muda wa kutafuta mbao, na nguzo zilizokauka tayari pale bomani zilikuwa za mtu mmoja tu.

Shikanga alisimama mbele ya nguzo zake. Khalayi alikuja akasimama kando yake. Kisha yeye mwenyewe Khalayi akashika ncha moja ya nguzo ya kwanza, Shikanga akashika ya pili, wakaipandisha juu shambani.

Nyumba ile ilikwenda upesi, kwa sababu fundi alikuwa na hasira na alikuwa hodari. Alipigilia vigingi, akavuta kamba, akachimba. Phanuel alipanda nguzo ya kwanza kwa mikono yake laini, mama yake akiwa amesimama karibu kuhakikisha hasaidiwi. Willis na Erastus walifunga fito. Majirani walikuja kukandika udongo, wakaimba, wakala, wakamtania mwenye nyumba kwamba kiuno chake kimekuwa cha Watanzania, kinainama kwa adabu. Mabati ya Shikanga yakapanda yote, mapya, yanang'aa. Ilikuwa nyumba nzuri. Shikanga hakujua kujenga vibaya. Alijaribu, kwenye kona ya nyuma, akashindwa.

Phanuel alilala humo peke yake, moto umewashwa. Alfajiri Shikanga alimkuta ameketi mlangoni na blanketi mabegani.

"Umelala?"

"Kama kwenye gesti." Phanuel alicheka kidogo. "Nikifunga, utahamia humu? Nyumba nzuri hii, ikae tupu kwa nini?"

"Siwezi kulala kwa nyumba ya ndugu yangu. Hata watoto hawawezi."

"Basi nimekumalizia nguzo zako bure."

"Si bure," alisema Shikanga. Alitaka kuongeza neno zuri, la kindugu, lakini alikuwa amechoka mno, akaachia hapo. Sasa alikuwa na ruhusa na hakuwa na mti hata mmoja wa kuanzia, ila nguzo nne zilizobaki, fupi, ambazo hazikufaa nyumba.

Siku iliyotangulia safari ya Phanuel, Willis alimfuata baba yake kisimani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye cheti cha ufundi wa magari na hana gari la kutengeneza. Alizunguka maneno mpaka ndoo ikajaa.

"Baba, mimi nataka kuenda na baba mkubwa."

Shikanga aliendelea kuvuta kamba.

"Amesema kuna gereji ya rafiki yake. Na hii Jumuiya ikirudi hakuna mambo ya vibali, baba. Watu wataendanga tu. Unafanya kazi pale unataka, unakaa pale unataka."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu hivi. Nirudi nijenge."

Ndoo ilimponyoka Shikanga, maji yakamwagika yote. Willis aliomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyeimwaga. Shikanga hakumkasirikia. Alimwonea huruma, na alimwogopa, na kwa mara ya kwanza maishani aliona jinsi mama yake alivyoona siku ile ya meli: mtoto wako mbele yako, mzima, mkweli kabisa, anakupa hesabu ambayo yeye mwenyewe anaiamini.

Angeweza kumkataza. Lakini kumkataza afanye nini, alale na panya? Akachota maji upya, akamtwika, wakapanda kilima. Walipofika uani alimwita Erastus alete jembe na mtaimbo, akaenda nyuma ya simba, akabeba zile nguzo nne.

Alianza kuchimba kando ya kisimba chake mwenyewe, upande wa kulia.

Kageha alitoka nje. "Unajenga nini?"

"Simba ya Willis."

"Shikanga! Baba hajajenga, mwana ajenge? Unataka akuruke? Lango liko wapi?"

"Lango ni hapa niliposimama, mama."

"Hiyo haijawahi kufanyika kwa boma hii!"

"Mama, nimechoka." Alisema kwa sauti kubwa. Hakuwa amewahi kumpandishia mama yake sauti, na kuku walikimbia. "Nimechoka. Huyu anaenda kesho. Ataenda akiwa amejenga."

Khalayi alikuwa amekuja na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Alisikia neno "anaenda" na uso wake ukakunjamana. Alipoweza kusema, alisema jambo jingine: "Erastus akitaka kujenga si tutamwacha tu, Baba Willis? Sisi si watu wa zamani. Tutamwambia jenga."

"Wewe utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwaka wa kwanza utamwambia. Willis asipokuja mwaka wa tano, wa kumi, na huyu hapa amekuja na mbao zake, utamwambia jenga? Umfungie Willis lango?" Alifuta jasho. "Mimi siwezi. Najijua. Mimi ndiye nitamwambia Erastus angoje. Ndiyo maana inajengwa leo, kama bado niko na akili."

Kageha alisikia yote hayo. Alikaza kitambaa kichwani, akaingia nyumbani kwake.

Willis alipanda nguzo mwenyewe. Alikuwa na haya ya kutosha. Phanuel alikuja kusaidia, mdogo wake akamwambia kwa upole akae kando, hii si yake. Waliezeka kwa nyasi, kwa kuwa mabati yalikuwa yote juu shambani. Kilikuwa kibanda cha ovyo, kimeinama upande mmoja, kazi mbaya kuliko zote ambazo fundi Shikanga aliwahi kuzisimamia. Willis alilala humo na moto wake. Asubuhi aliondoka na baba yake mkubwa, na sanduku moja. Kuku, Willis alikataa kumbeba.

Mama wawili waliwasindikiza mpaka barabarani. Shikanga aliagana nao langoni, akabaki amesimama pale hata baada ya vumbi kutulia.

Wiki iliyofuata redio ilisema sahihi zimetiwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Khalayi alikuwa amehamisha kitanda mara nyingi. Asubuhi Shikanga alitoka na chai yake, akamwona mama yake huko juu, ameinama, anafagia mbele ya nyumba ya Phanuel, mabati yakimetameta juu yake. Hilo alilitarajia. Kisha akasikia ufagio mwingine karibu, akageuka.

Khalayi alikuwa kwenye kibanda cha Willis. Alikuwa ameshafagia ndani, sasa anafagia kizingitini, taratibu, akiyatoa majivu ya ule moto mmoja. Alipoona anatazamwa aliacha.

"Ni vumbi tu," alisema.

"Najua."

Shikanga alimaliza chai. Akamwita Erastus, akampa kamba na vigingi, akamwambia achague mwenyewe mahali pa simba yake, aanze leo. Hakuwa na nguzo ya kumpa. Erastus alimwuliza kama hawaanzi kwanza na nyumba ya mama yake.

"Sisi tumezoea," alisema Shikanga, akashika ncha ya kamba.